Uchungu wa uzazi hausubiri kitambulisho: barua ya wazi kwa wakubwa wa afya Mombasa

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa, kwa waziri wa afya wa kaunti, kwa wakuu wa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inayosimamia bima ya afya, na kwa wakuu wa ofisi za usajili wa watu.

Assalamu alaykum, na kwa wasioitikia salamu hiyo, hamjambo wakubwa wetu.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Likoni. Nina nyumba kama mia moja ninazozizungukia kwa miguu, na mkoba wenye kipima presha, kipima sukari, mizani na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto. Wengi wa wenzangu katika kazi hii ni wanawake. Posho yetu ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu na nusu ya kaunti. Lakini leo sikuandika kudai posho.

Naandika kwa sababu ya neno moja ninalolisikia karibu kila kikao cha afya ninachoitwa: mila. Mama akichelewa kufika hospitali, ni mila. Mtoto asipopelekwa chanjo, ni mila. Pwani ikiwa nyuma, ni mila za watu wa Pwani. Nimeketi kwenye viti vya plastiki nikilisikiliza neno hilo mpaka limenichosha, na nataka niwaeleze nilichokiona mimi mwenyewe kwa macho yangu.

Usiku mmoja mwaka jana, yapata saa nane, nilisikia dirisha lagongwa. Alikuwa jirani yangu, mama wa makamo. "Mwanangu, hebu amka umwangalie huyu mke wa mwanangu. Kichwa chamuuma hata taa haitaki." Nikachukua mkoba nikatoka. Binti alikuwa na miaka ishirini, mimba ya kwanza, na uchungu ulikuwa umeanza. Nikampima presha: 160 juu, 110 chini. Nikampima mkono wa pili, ikawa ile ile. Miguu imevimba, uso umevimba, pete ya ndoa imekwama kidoleni. Afanyaye kazi hii ajua: hiyo ni presha ya mimba, na nyuma yake huja kifafa cha mimba. Kifafa kikishamshika, waweza kumpoteza mama na mtoto pamoja.

Tukampakia kwenye tuktuk mpaka kivukoni. Usiku feri ni chache. Tulipopanda, binti aliegemeza paji la uso kwenye chuma cha ukingo kwa sababu kilikuwa baridi, na kila uchungu ulipokuja alinibana kifundo cha mkono huku mimi nikitazama saa ya simu. Dakika sita. Dakika tano. Mama mkwe wake alikuwa amemfunika leso mbili na anasoma dua kwa sauti ya chini.

Hospitali tuliyofika sitaitaja jina. Mezani tuliulizwa, "Kitambulisho?"

"Hana, mama."

"SHA?"

"Hana, kwa kuwa hana kitambulisho."

"Basi wekeni pesa za kuanzia, kisha mketi pale."

Tukaketi pale. Simchongei yule karani. Mbele yake palikuwa na kompyuta iliyodai nambari, na pasipo nambari haisogei ukurasa wa pili. Tulikaa kwenye benchi tangu saa tisa na nusu mpaka alfajiri. Zamu zilipobadilishana, muuguzi aliyekuwa akiingia kazini alitupita, akasimama, akarudi nyuma akamtazama binti usoni. Huyu hakuuliza karatasi. Alimwinua kwa mikono yake. Binti akadungwa magnesiamu ya kuzuia kifafa, akapelekwa chumba cha upasuaji, na mtoto akatoka mzima, kilo mbili na robo.

Halafu ikaja bili. Kwa mwenye SHA iliyolipiwa, mamlaka huilipa hospitali shilingi 30,000 kwa uzazi wa upasuaji na 10,000 kwa uzazi wa kawaida. Huyu hakuwa na wa kumlipia. Alikaa siku sita zaidi baada ya kuruhusiwa na daktari, kitanda kimoja na mama mwingine, mpaka chama chetu cha kina mama kikavunja akiba ya mwezi. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu ilishasema kwamba kumzuilia mama hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja Katiba.

Sasa niambieni, wakubwa, mila iko wapi hapo? Mama mkwe ndiye aliyenigongea dirisha. Mume alikuwa baharini, na alipopigiwa simu alisema mpelekeni upesi. Binti alikwenda kliniki mara nne, kitabu chake cha mama na mtoto kimejaa mihuri. Kilichotuweka kwenye benchi lile ni karatasi, na nitawaeleza kwa nini karatasi hiyo hana.

Mamake ni Mdigo wa hapa hapa Likoni, ana kitambulisho tangu ujana wake. Babake ni Mpemba, mvuvi, ambaye wazee wake walivuka kwa madau tangu zamani wakaoa na kuzaa na kuzikwa pwani hii. Hakuwahi kuwa na kitambulisho cha Kenya hata siku moja. Wamakonde nao, waliokaa miaka bila uraia kama Wapemba, walilazimika kufunga safari ya miguu toka Kwale kuelekea Nairobi, Oktoba 2016, ndipo wakaanza kupewa vitambulisho 2017. Wapemba walitangazwa kuwa kabila la Kenya mwaka 2023, na tulishangilia. Lakini tangazo ni siku moja. Baba wa binti huyu aliaga dunia kabla ya tangazo hilo, na alipofariki hakuacha karatasi yoyote yenye jina lake.

Binti alipotimiza miaka kumi na minane alikwenda kuomba kitambulisho akiwa na cha mamake mkononi. Akaambiwa alete cha baba. Akaeleza. Akaambiwa alete cha babu. Mara ya tatu hakurudi tena.

Katiba ya 2010, kifungu cha 14, yasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia. Baba au mama. Na kifungu hicho hicho kinawahusu hata waliozaliwa kabla ya 2010. Kwa hivyo binti huyu ni Mkenya kwa haki ya mamake, bila ya kumhitaji Mpemba yeyote atangazwe popote. Alinyimwa kwa sababu karatasi ya mama ilionekana ni nusu karatasi. Hapo ndipo ukabila na ujinsia vinaposhikana mikono: jina la ukoo wa baba latiliwa shaka, na la mama halihesabiwi. Kisha miaka miwili baadaye shaka hiyo inageuka kuwa presha ya 160 kwa 110 kwenye benchi.

Nitasema kweli, mila zinazochelewesha zipo. Nimewahi kungoja mume aamke ili atoe ruhusa mkewe apelekwe hospitali, na nimegombana na wazee wanaosema mwanamke wa mimba ya kwanza asitoke nje. Sifichi. Lakini katika nyumba zangu mia moja, wanaochelewa kwa ruhusa ya mume ni wachache kuliko wanaochelewa kwa nauli, kwa karatasi, au kwa sababu safari iliyopita walitukanwa.

Hilo la mwisho lina uzito wake. "Nyinyi wa Pwani mwapenda kulia." Nimelisikia mara ngapi likitamkwa mbele ya mwanamke anayejifungua? Akilia yuwajidekeza, akinyamaza hana uchungu. Jambo hili si letu peke yetu. Marekani, nchi yenye mashine zote, mwaka 2021 walikufa wanawake weusi 69.9 kwa kila uzazi hai 100,000, na weupe 26.6. Wako weusi wenye elimu na bima nzuri ambao walisema wanaumwa na wasiaminiwe. Rangi ya ngozi haiui mzazi. Anayeua ni yule anayeitazama rangi ile, au lafudhi ile, au buibui lile, kisha akaamua kwamba maumivu haya yanaweza kungoja.

Na hapa Kenya, kwa hesabu za sensa ya 2019, wanawake 355 walikufa kwa uzazi kwa kila watoto hai 100,000. Nyeri ni 67. Garissa ni 641. Atakayesema tofauti hiyo ni mila za Wasomali, nampa ramani ya barabara na ya hospitali zenye chumba cha upasuaji, kisha aniambie tena.

Mombasa tuna historia yetu katika jambo hili. Wakati wa ukoloni hospitali ziligawanywa kwa rangi: ya Wazungu, ya Wahindi, ya Waafrika, kila mtu na mlango wake. Wodi ya wazazi ambayo mabibi zetu waliiita Ledi Grigi ilibeba jina la mke wa gavana Edward Grigg. Vibao vile vilitolewa zamani. Lakini ardhi haikurudi, na ardhi ndiyo inayoamua nani ana choo.

Nifafanue, maana nahisi wengi wa wanaopanga haya mambo hawatoki kwetu. SHA humuuliza mtu asiye na ajira rasmi maswali ili wajue uwezo wake: ukuta wa nyumba ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, wapikia nini. Yule mama mkwe niliyewatajia anakaanga viazi karai na bajia mlangoni. Nyumba aliachiwa na marehemu mumewe, ukuta wa mawe, paa la mabati, vyumba sita. Nyumba ni yako? Yangu. Kwenye mashine akatoka mtu mwenye mali, akatakiwa mchango ulio mbali sana na ule wa chini kabisa wa shilingi 300 kwa mwezi, tena alipe wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Nyumba ni yake, lakini ardhi si yake. Kila mzaliwa wa Mombasa anajua maana ya nyumba isiyo na shamba. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwapa hati walioweza kudai na kuthibitisha mbele ya wakoloni katika ukanda wa maili kumi wa pwani. Wamijikenda waliokuwa wakilima pamoja wakaachwa bila hati, na ardhi ya mababu zao ikaitwa ya serikali au ya fulani. Ndiyo maana mpaka leo mtu ajenga nyumba juu ya ardhi ya mwenyewe asiyemjua hata sura, na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. Anaweza kuamshwa kesho aambiwe abomoe. Mtu wa namna hii hachimbi choo cha kudumu wala havuti bomba la maji. Fomu yenu haina mahali pa kuandika hayo. Imemhesabu kwa ukuta.

Na pasipo bomba, maji huja kwa mkokoteni, kwa mitungi, na anayeyanunua, kuyabeba na kuyaweka ni mwanamke. Mlipuko wa chikungunya uliotupiga mwishoni mwa 2017 hadi 2018 ulitufundisha. Mbu yule huzaliana kwenye maji safi yaliyowekwa majumbani na huuma mchana. Mchana nani yuko nyumbani? Niliwaona kina mama wasioweza kukamua nazi wala kufunga vifungo vya shati la mtoto kwa maumivu ya viungo, na maumivu hayo kwa wengine yalidumu miezi.

Mama wa Owino Uhuru nao msiwasahau. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilipowekwa ubavuni mwa mtaa wa watu wasio na hati, risasi, ile madini ya sumu iliyomo kwenye betri, iliingia kwenye ukuta, kwenye udongo na kwenye damu za watoto. Aliyefumbua macho yetu ni Phyllis Omido, mfanyakazi wa kiwanda hicho, baada ya mwanawe anayenyonya kuugua. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufani ikaiondoa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kesi miaka na miaka. Risasi haingojei hukumu, na ubongo wa mtoto ulioharibika haurudi. Kiwanda kile hakingejengwa Nyali, kwa matajiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kweli limo damuni, kwa sababu sitaki mtu aniambie nakana sayansi. Siko seli, au seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imejaa Pwani hii kuliko sehemu za milimani. Sababu yake ni malaria. Mwenye kurithi chembe moja ya ugonjwa huo huwa na kinga dhidi ya malaria kali, kwa hivyo katika nchi za mbu vizazi vingi vya wabebaji viliishi na kuzaa. Kwa hivyo kilichoamua ni mbu, wala si laana ya kabila lolote. Mbebaji haugui. Mtoto huugua akirithi chembe kwa baba na kwa mama, wote wawili, na wazazi wote wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mgonjwa.

Kwa baba na kwa mama. Nalirudia kwa sababu katika eneo langu nina wanawake watatu walioachwa kwa sababu hii. Mtoto anavimba vidole, analia usiku kucha, manjano machoni, na ukoo wa mume unasema mwanamke ameleta ugonjwa nyumbani. Mmoja wao alirudishwa kwao na mtoto mgongoni na sufuria mbili. Mwanamume yule akaoa mwingine, bila kupimwa, na hakuna aliyemwambia kwamba chembe yake amekwenda nayo.

Kipimo cha mtoto mchanga ni tone la damu ya kisigino. Akijulikana mapema, akapewa penisilini kila siku mpaka miaka mitano, akakingwa na malaria, na baadaye akaanzishwa dawa ya haidroksiyurea, anakua, anasoma, anaoa. Asipojulikana, wengi hufa kabla ya miaka mitano, na kijijini inasemwa ni homa. Mkiweza kumtoa kila mtoto damu ya kisigino katika kila wodi ya kujifungulia ya kaunti, na matokeo yakasomwa kwa wazazi wawili wakiwa wameketi pamoja, mtaokoa watoto na mtaokoa ndoa.

Haya ninayowaomba si makubwa.

Mlangoni pa leba pasiulizwe kitambulisho. Kitabu cha mama na mtoto kina nambari, kitumieni hicho. Katiba, kifungu cha 43, yasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na sheria ya bima ya 2023 imeunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Uzazi wenye presha ni dharura. Deni lisilo na mwenyewe lipelekwe huko, mama aende nyumbani.

Wekeni meza ya usajili ndani ya wodi za wazazi, angalau siku mbili kwa wiki, na afisa aelekezwe kwa maandishi kwamba kitambulisho cha mama peke yake kinatosha. Rais alipokuwa Wajir Februari 2025 alifuta ule uchunguzi wa ziada uliowaandama watu wa mipakani. Basi na huku watu wasiulizwe kuhusu babu.

Maswali ya SHA yaongezwe moja tu: ardhi uliyojengea ni ya nani? Na kiwango kikipingwa, kuwe na mtu wa kusikiliza hapa Likoni, tusivushwe feri kwenda kubishana na mashine.

Na mwisho, mhesabu wanaorudishwa. Hospitali zinahesabu waliolazwa na waliokufa. Hakuna daftari la walioketi kwenye benchi wakaondoka. Andikeni jinsia, umri, wadi ya makazi anayotoka na sababu ya kurudishwa. Kabila msiliandike kwenye kadi ya mtu yeyote, tumeona kwenye ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 jina la ukoo linaweza kumfanya nini mtu mlangoni pake. Wadi yatosha. Mkishaona Likoni na Jomvu na Kisauni zinarudisha kina nani, mtajua wenyewe, na sitahitaji kuandika barua nyingine.

Yule mtoto wa kilo mbili na robo sasa ana miezi minane. Mwezi ujao nampeleka chanjo ya surua. Katika kitabu chake, mahali pa kuandikwa nambari ya kitambulisho cha mama, pako wazi mpaka hivi leo. Mkinipa siku, nitakuja ofisini na kitabu hicho, na binti, na mamake mwenye kitambulisho cha Kenya tangu ujana wake.

Wenu katika kazi,
Mhudumu wa afya ya jamii, Likoni